Tajiri na Fundi: Habari za Kufundishwa Kazi katika Usambara

Liko swali ambalo wazazi huliuliza kila mara mtoto amalizapo shule: nani atamfundisha kazi? Wengine hutumaini kwamba akiisha kuandikwa, tajiri wake atamfundisha. Wengine husema kwamba tajiri hamfundishi mtu, hutaka nguvu zake tu. Pande zote mbili zina ushahidi wao, na ushahidi huo umo katika milima yetu hii na katika nyika iliyo chini yake. Nataka kuueleza hapa, kwa maana habari za kazi katika Usambara zaonyesha wazi ni wakati gani tajiri hukubali kutoa fedha yake ili mtumishi apate kujua, na ni wakati gani hukataa. Neno "tajiri" nalitumia kwa desturi ya zamani, yaani mwenye kuandika watu kazi, hata akiwa ni serikali, kampuni au misheni.

Zamani jambo hili halikuwa na matata. Katika Upare, ng'ambo ya bonde, kazi ya kufua chuma ilikuwa mali ya ukoo wa Washana. Mzee alimfundisha kijana wa ukoo wake, na kijana hakuwa na pa kwenda na ufundi ule ila kwenye kiwanda kile kile. Pwani mambo yalikuwa mbali kidogo. Kijana aliyetaka useremala au ujenzi wa mawe alipelekwa kwa fundi, akawa mwanafunzi wake. Alibeba vyombo, aliteka maji, alitumwa huku na huku, na miaka ilipita kabla hajashika randa kwa mkono wake. Alipohitimu alimpa fundi kilemba, yaani ada ya kumshukuru na kumwaga. Tazama basi ni nani aliyelipa gharama ya mafunzo: ni mwanafunzi mwenyewe, kwanza kwa jasho lake, kisha kwa kilemba. Fundi hakupata hasara hata kijana akienda zake siku ya pili.

Matata yalianza walipokuja matajiri wa mashamba makubwa, wenye kulipa mshahara kwa siku au kwa mwezi. Katika miaka ya 1890 Wadachi walipanda kahawa nyingi katika Usambara. Kahawa ni mmea wenye kutaka mkono unaojua: kupogoa, kuchuma zilizoiva na kuziacha mbichi, kuosha na kukausha. Lakini Washambaa walikuwa na migomba na mashamba yao wenyewe, wakaona hakuna sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine siku zote. Ndipo katika mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ikatolewa amri ya kadi. Kila mwanamume asiyekuwa na kazi ya namna nyingine alipewa kadi, akalazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa mshahara uliopangwa. Asiyetimiza alikuwa hatarini kushikwa kwa kazi za serikali.

Wazee walisimulia uchungu wa kadi ile, na uchungu huo haufai kusahauliwa. Lakini hapa nataka tuitazame kwa jicho la mwenye shamba. Mtu amekuja kwa siku 30, naye hakuja kwa hiari. Siku za kwanza hajui mti upi upogolewe. Akianza kujua, kadi imejaa, aenda zake mgombani kwake. Baada ya miezi mitatu huenda akaja tena, au akaenda kwa jirani. Tajiri gani atatumia siku 10 kumfundisha mtu wa siku 30? Atampa jembe, amwekee nyapara nyuma yake. Kisha jioni atalalamika mezani kwamba watu wa milima hii hawajui kazi. Ni kweli hawakuijua kazi yake, ila kadi yake yenyewe ndiyo iliyowazuia wasiijue.

Chini nyikani ilikuwa hivyo hivyo, tena kwa wingi zaidi. Katika mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalitoka mashamba yaliyofunika nyika kutoka Tanga kupita Muheza hata Korogwe na mbele yake. Watu walitoka mbali, Wanyamwezi kwanza, kisha watu wa Kigoma, wa Njombe, wa Ruanda-Urundi na Wamakonde wa kusini. Wakati wa Waingereza kila mtu alikuwa na kipande chenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi yake iliandikwa. Siku aliyougua au kushindwa haikuandikwa. Zilipotimia 30 ndipo alipolipwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chama chao cha kuandikia watu, SILABU, kikawaleta watu kwa malori na magari ya moshi. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake.

Kukata mkonge ni kazi ngumu sana, wala simdharau mtu aliyeifanya. Miiba huchoma, utomvu huwasha, na majani yafungwa 30 kwa fungu, mafungu kwa makumi hata kazi iishe. Walakini mtu mwenye nguvu huijua kwa siku chache. Tena akiharibu, ameharibu fungu moja tu. Na akiondoka, SILABU italeta mwingine. Kwa hiyo tajiri wa mkonge alitoa fedha nyingi kumtafuta mtu, kumsafirisha na kumpa posho, asitoe hata senti moja kumfundisha. Hesabu yake ilikuwa sawa kwa upande wake.

Sasa ingia ndani ya kiwanda cha shamba lile lile, uone jinsi hesabu inavyogeuka. Jani la mkonge likiisha kukatwa lazima lipite katika korona, ile mashine ya kuliponda na kutoa nyuzi, kabla halijakauka. Korona ikisimama siku nzima, majani yaliyokatwa na mamia ya watu yanaharibika. Mtu aendeshaye injini, fundi anoaye visu vyake, dereva wa gari la relini liletalo majani: kila mmoja wao akikosea, hasara si fungu moja bali ni kazi ya shamba zima. Watu hao hawakuandikwa kwa siku 30. Walipewa nyumba nzuri kidogo, waliwekwa miaka, na wakafundishwa. Tajiri alikuwa ni yule yule, na moyo wake ni ule ule. Kilichobadilika ni gharama ya kosa, na gharama ya kumtafuta mtu mwingine.

Serikali ya Kidachi iliona jambo hili mapema kuliko wenye mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifungua shule Tanga, isiyo ya misheni, ili kupata makarani, wakalimani na watu wa kutoza kodi. Serikali haikufanya hivyo kwa kupenda elimu tu. Karani wa Ulaya alikuwa na mshahara mkubwa, na homa ilimrudisha kwao au ilimzika. Kijana wa Tanga aliyejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi na kuhesabu rupia alifanya kazi ile ile kwa fedha kidogo. Pamoja na masomo palikuwa na kazi za mikono, na gazeti la Kiongozi, lililoanza katika miaka ya 1900, lilitoka katika shule hiyo. Reli nayo, iliyoanza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, haikuweza kuendeshwa na watu wa siku 30. Mtu atiaye ishara kwenye stesheni akikosea, treni mbili hukutana.

Lakini liko jambo moja linalomtisha tajiri, hata yule mwenye kuona faida ya mafunzo. Nalo ni hili: ng'ombe ukimnunua ni wako, na mashine ukiinunua ni yako, lakini ufundi ukiulipia hukaa katika mkono wa mtu mwingine, naye ana miguu.

Misheni ndizo zilizolijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Hapa Gare walifika Watrapisti mwaka 1897, watawa waliotoka Mariannhill katika Natal, nyumba iliyoanzishwa na Franz Pfanner mwaka 1882. Mariannhill ilisifiwa kwa viwanda vyake vya useremala, uchapaji, ngozi na kazi nyingine, kwa maana kanuni ya watawa hao ilikuwa sala na kazi. Misheni yoyote iliyotaka kujenga kanisa la matofali juu ya milima hii haikuwa na SILABU ya kuiletea waashi. Ilikuwa lazima imchukue kijana wa kijijini, imfundishe kuchoma tofali, kupima pembe na kupiga randa. Kisha kijana huyo alisikia kwamba Tanga mshahara wake ni mara mbili, akaenda. Walimu na makarani nao ni vivyo hivyo. Misheni za Waingereza huko Magila na Unguja zilinung'unika mara nyingi kwamba wanafunzi wao huchukuliwa na ofisi na makampuni.

Tazama habari za Martin Kayamba, Mbondei ambaye wasomaji wengi wamelisikia jina lake. Alizaliwa Unguja mwaka 1891, akasomeshwa na misheni Kiungani. Baadaye alifanya kazi za serikali katika Kenya na Uganda. Baada ya vita akawa karani mkubwa Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha chama cha Waafrika wenye kazi za serikali. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na mwaka 1932 akapewa cheo katika ofisi kuu ya serikali Dar es Salaam. Serikali ngapi zilivuna katika shamba hilo! Na mpandaji alikuwa mmoja, naye hakulipwa na yeyote kati yao.

Serikali yenyewe ilipatwa na yayo hayo. Wadachi walisomesha makarani na maakida zaidi ya miaka 20. Waingereza walipoichukua nchi katika vita vya 1914 hata 1918, walikuta kwamba waweza kumwandikia akida au jumbe barua kwa Kiswahili na kupata jibu, jambo ambalo hawakulizoea katika nchi zao za jirani. Walilikiri wenyewe katika taarifa zao. Shule za Tanga zilijengwa kwa rupia za Wadachi, na matunda yake yakaliwa kwa shilingi za Waingereza.

Hapo ndipo penye kisingizio cha matajiri wengi hata leo: nikimfundisha, jirani atanichukulia. Mwalimu wa uchumi wa Marekani, Gary Becker, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1964. Alisema kuna ujuzi unaofaa popote, na kuna ujuzi unaofaa kwa tajiri mmoja tu. Ule unaofaa popote tajiri hapendi kuulipia, na mara nyingi mfanyakazi mwenyewe huulipia kwa kupokea mshahara mdogo akiwa anajifunza. Nadhani fundi wa pwani mwenye kupokea kilemba angemsikiliza na kumwuliza jipya ni lipi.

Lakini tajiri akitaka aweza kumfunga mtu kwa kumtunza badala ya kumwacha mjinga, na mfano mkubwa wa njia hiyo haukutoka kwetu. Ulitoka Katanga, katika kusini-mashariki ya Kongo, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi. Kampuni ya shaba ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kama mashamba yetu ya mkonge. Iliandika watu kwa miezi michache, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Watu waliwasili wamechoka kwa safari, wakawekwa katika kambi mbaya, wakaugua, wakafa wengi. Waliopona walirudi kwao mara tu walipoanza kujua migodi. Kila mtu mpya alikuwa amekwisha kuila fedha ya kampuni kabla hajapiga nyundo ya kwanza. Tena Wazungu waliosimamia mitambo walitaka mishahara mikubwa sana.

Kampuni ikafanya hesabu upya. Tangu karibu mwaka 1928 ilianza kuwaandika watu kwa miaka mitatu. Mtu aliruhusiwa kuja na mke wake, akapewa nyumba, chakula cha kutosha na hospitali. Watoto walisomeshwa katika shule za kambini zilizosimamiwa na mapadre Wabenediktini. Mwanamume akafundishwa kuendesha mashine ambazo zamani alizishika Mzungu. Vifo vikapungua, watu wakakaa, na wengi wao walipomaliza miaka mitatu waliandikwa tena. Tena mtoto aliyezaliwa na kusomeshwa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho ambaye hakuna haja ya kumtafuta mbali.

Wengine wakisoma habari hizi husema: basi kampuni hiyo ilikuwa na huruma. Sidhani. Ilipokuja shida ya biashara ya dunia nzima baada ya 1929, kampuni iliwaachisha kazi maelfu bila kusita. Na mwaka 1941, wakati wa vita, vitu vikiwa ghali na shaba ikitakiwa sana, wafanyakazi Waafrika waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, tarehe 9 Desemba. Askari wakapiga bunduki. Makumi ya watu waliuawa, na katika hao msemaji wao Léonard Mpoyi, karani mwenye elimu. Kampuni iliwafundisha watu kazi. Haikutaka wajue na bei ya kazi yao. Lakini mtu hafundishwi nusu. Aliyejifunza kusoma kipimo cha mashine ameweza na kusoma karatasi ya mshahara wake, na ya jirani yake.

Hofu hiyo ndiyo sababu nyingine iliyowafanya matajiri wengi wasifundishe, nayo si ya fedha tu. Katika reli za Afrika ya Mashariki kazi za juu ziliwekwa kwa Wazungu, za katikati kwa Wahindi na Wagoa, na Mwafrika aliachiwa za chini, ingawa kumleta mtu kutoka ng'ambo kulikuwa ghali kuliko kumfundisha mtu wa Korogwe. Hapo hesabu ya faida ilinyamazishwa na rangi. Katika miaka ya 1950 upepo uligeuka, na mwaka 1956 reli ilifungua chuo kikubwa cha mafunzo Nairobi. Vijana wa Tanganyika nao walikwenda huko. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, chuo na karakana kuu zilibaki Kenya, na Tanzania ikajikuta na reli yake na shirika lake jipya, lakini bila shule ile. Ikalazimika kujenga mafunzo yake Tabora. Ni fundisho la ghali: hata nchi nzima yaweza kupoteza mahali pa kufundishia, kama tajiri apotezavyo fundi mmoja.

Na mkonge je? Baada ya uhuru sheria ya mshahara wa chini ilipotoka, mtu wa shamba hakuwa tena rahisi kama zamani. Wenye mashamba wakaanza kutaka watu wachache wenye kukaa kuliko wengi wenye kupita, na kazi ya SILABU ikakoma katika miaka ya 1960. Miaka mingi wahubiri na maofisa waliwasihi wawatunze watu wasisikie. Mshahara ulipopanda walisikia.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1994 ilijaribu kuiondoa ile hofu ya kuchukuliana mafundi. Ilianzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na matajiri wakatozwa sehemu ya mishahara wanayolipa ili kuyagharimia mafunzo hayo. Basi tajiri asiyefundisha mtu amechangia, na akimchukua fundi wa jirani hakumchukua bure kabisa. Matajiri wamelalamika kwamba kodi hiyo ni nzito, na kiasi chake kimepunguzwa mara kwa mara. Mimi naona kanuni yake ni ya haki, ingawa mwenye kulipa ana haki pia ya kuuliza fedha imefundisha nani.

Wenye watumishi wachache sana hawatozwi. Kwa hiyo mshona nguo wa Lushoto, seremala wa Soni na fundi wa pikipiki aliye kando ya barabara ya Gare hawamo katika hesabu hiyo, nao ndio wafundishao vijana wengi wa vijiji vyetu. Kwao mzazi huenda mwenyewe, akakubaliana na fundi: mtoto atakaa muda gani, atakula wapi, na fundi apewe nini. Kijana hubeba vyombo, hufagia, hutumwa dukani. Wengi hawaandikiani, na ugomvi hutokea mwaka wa pili, kijana akiwa ameanza kujua kazi na fundi akitaka abaki, wakati yeye ameona tayari chumba cha kupanga Mombo.